Maswali ya Wasomaji: Lugha ya hadithi za Kiingereza, na pale wanafunzi wanapokwama

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: hadithi za Kiingereza darasani, na jinsi lugha yake inavyowapita wanafunzi hata pale wanapoyajua maneno yote. Tumeandika kifungu kifupi ambacho majibu kadhaa yatakirejea. Kinakili ubaoni au daftarini kabla ya kuendelea:

"When Neema reached the river, the boat had left. Two women were washing clothes on the bank. She put down her basket and waited. 'The next one comes at noon,' said one of the women. Neema looked at the sky. Noon was far away. Why had she stopped to talk at the market?"

Habari za kazi. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Nikiwauliza wanafunzi sifa za lugha ya hadithi, wanazitaja zote: wakati uliopita, vitenzi vya matendo, viunganishi vya wakati, mazungumzo ya wahusika. Nikiwapa hadithi yenyewe, maswali ya ufahamu yanawashinda. Kasoro iko wapi?
*Mwalimu, Morogoro*

Nzuri, mwalimu mwenzetu. Kasoro iko kwenye swali lenyewe. "Taja sifa" ni swali linalojibika kwa kukariri, na anayekariri vizuri hupata alama zote bila kusoma sentensi hata moja ya hadithi. Kinachotakiwa ni swali ambalo halijibiki mpaka mwanafunzi aone kazi ambayo umbo fulani la kitenzi linafanya.

Chukua kifungu chetu. Usiulize "had left ni wakati gani?" Uliza: Neema alipofika mtoni, aliiona mashua? Mwanafunzi anayesoma "left" na kuruka "had" atajibu ndiyo, aliiona ikiondoka. Sasa futa "had" ubaoni: "When Neema reached the river, the boat left." Hapo kweli mashua ilikuwepo, nayo ikang'oa nanga yeye alipofika. Neno moja limefutwa na hadithi imebadilika. Kisha andika pembeni "Neema alipofika mtoni, mashua ilikuwa imeondoka" na "Neema alipofika mtoni, mashua iliondoka". Hakuna mwanafunzi atakayechanganya hizo mbili. Maana yake ni kwamba maarifa anayo tayari, ila hajayahamishia kwenye Kiingereza.

Uhamishaji wenyewe ufundishe waziwazi. Mfululizo wetu wa -li- kisha -ka- (alifika, akatua kikapu, akasubiri) kwa Kiingereza wote ni wakati uliopita wa kawaida: reached, put down, waited. "Walikuwa wakifua" ni were washing. "Ilikuwa imeondoka" ni had left. Wanafunzi wengi huishika jedwali hiyo kwa kipindi kimoja.

Ila usiishie hapo, kwa sababu jedwali ina tundu. Vitenzi vyetu vya hali hutumia -me- kueleza jambo ambalo bado linaendelea: amekaa, amesimama, amevaa, amelala, amebeba. Mwanafunzi aliyekariri kwamba -likuwa -me- ni "had" ataandika "The old man had sat under a tree and had worn a white kanzu" akimaanisha mzee alikuwa amekaa chini ya mti amevaa kanzu nyeupe. Sahihi ni was sitting na was wearing. "Alikuwa amelala" ni was asleep. Kwenye usomaji kosa hili hugeuka: akikutana na "was wearing" anaelewa kwamba mtu yuko katikati ya kuvaa, mkono mmoja umeingia na mwingine bado. Tenga dakika kumi kwa vitenzi hivyo vitano peke yake.

Chombo kingine tunachokipendekeza kimetokana na kazi ya wanaisimu wawili wa Marekani, William Labov na Joshua Waletzky. Mwaka 1967 walieleza kwamba uti wa mgongo wa simulizi ni zile sentensi ambazo ukizibadilisha nafasi, mpangilio wa matukio nao unabadilika. Wape wanafunzi jaribio hilo. "She put down her basket" na "Neema looked at the sky": zipindue, na mfuatano wa matendo umebadilika. Sentensi ya wanawake waliokuwa wakifua unaweza kuihamishia kabla ya ile ya mashua, na hakuna tukio lililosogea. Hiyo ni mandhari. Katika kifungu chetu uti wa mgongo ni reached, put down, waited, said, looked. Vilivyobaki (had left, were washing, was, had stopped) vinaeleza hali iliyokuwepo au jambo lililotangulia. Mwanafunzi anayeweza kutenga makundi haya mawili ana muhtasari wa hadithi mkononi, maana muhtasari ni lile kundi la kwanza.

Shikamoo mwalimu. Tulifundishwa kwamba hadithi huandikwa kwa wakati uliopita. Nimeandika insha, na maneno ya wahusika nayo nikayaweka wakati uliopita, mfano: "I was hungry," the boy said. Nimekatwa alama. Kwa nini?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Dodoma*

Marahaba. Kanuni uliyopewa inamhusu msimulizi, haimhusu mhusika. Mvulana anaposema ana njaa sasa hivi, kinywa chake kinatamka "I am hungry." Msimulizi ndiye anayetazama nyuma, kwa hiyo ni yeye anayesema "the boy said." Ukiandika "I was hungry", msomaji anaelewa kwamba kijana alikuwa na njaa hapo awali na huenda ameshakula. Katika kifungu chetu yule mwanamke anasema "The next one comes at noon", wakati uliopo, kwa kuwa ratiba ya mashua ndivyo ilivyo siku zote.

Mambo yanabadilika ukiondoa alama za kunukuu. Kiswahili kinasema "Alisema amechoka", na -me- inabaki kama mhusika alivyoitamka. Kiingereza kinarudisha kitenzi nyuma hatua moja: "She said she was tired." Hapa watahiniwa hukosea mara mbili. Wakiandika wanaweka "She said she is tired". Wakisoma "She said she was tired" wanaelewa "alisema alikuwa amechoka", yaani uchovu wa zamani ulioisha, na jibu lao la ufahamu linakosea kwa sababu hiyo. Ukiona said, told, thought au knew bila alama za kunukuu, soma "was" kana kwamba mhusika ametamka "is", na "had" kana kwamba ametamka "have" au wakati uliopita.

Ukifika kidato cha tano utakutana na kitu kigumu zaidi, na ni vizuri ukijue mapema. Tazama sentensi ya mwisho ya kifungu: "Why had she stopped to talk at the market?" Nani anauliza? Si msimulizi, wala hakuna alama za kunukuu. Ni mawazo ya Neema mwenyewe, anajilaumu, lakini yamevaa nafsi na wakati wa msimulizi. Waandishi wa Kiingereza wanapenda sana mbinu hii. Dalili zake ni alama ya kuuliza au ya mshangao katikati ya usimulizi, na maneno kama tomorrow au now yakiwa ubavuni mwa kitenzi cha wakati uliopita: "Tomorrow was the exam." Ukiona "tomorrow was", ujue umeingizwa kichwani mwa mhusika.

Mwanangu yuko gredi ya sita. Hadithi zake za Kiingereza ni "and then, and then" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimsaidieje nyumbani?
*Mzazi, Nakuru*

Mzazi, usimkaripie kwanza. Anachofanya ni kutafuta mahali pa kuweka -ka-. Kichwani ana "Alifika mlangoni, akabisha, akasubiri, akaenda zake", ambayo ni Kiswahili kizuri kabisa, na karatasini inatoka "He arrived at the door and then he knock and then he wait and then he go."

Kuna makosa mawili hapo, na ni bora uyatibu moja moja. La kwanza ni vitenzi. Kwetu -li- ikishasemwa mara moja, -ka- inaendeleza safari bila kuirudia. Kiingereza hakina msaada huo, kila kitenzi kibebe alama yake ya wakati uliopita. Mwambie achukue kalamu ya risasi, apige mstari chini ya kila kitenzi alichoandika, na akague kimoja kimoja: knocked, waited, went. Afanye hivi kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

La pili ni viungo. Afute "and then he" zote katikati, aweke mkato, na "and" ibaki mara moja tu kabla ya kitenzi cha mwisho: "He reached the door, knocked, waited and went away." Vitenzi vinne kwa sentensi vinatosha, cha tano kianzishe sentensi mpya. Baada ya hapo mletee viunganishi vitano, kimoja kwa wiki: before, after, while, until, as soon as. Asivikariri kama orodha. Mpe matukio mawili, kwa mfano mbwa kubweka na mwizi kukimbia, kisha ayaunganishe kwa kila kiunganishi na akueleze hali ilivyokuwa. "The thief ran before the dog barked" na "The thief ran as soon as the dog barked" ni wezi wawili tofauti.

Jihadharini na "suddenly". Watoto wakikatazwa "and then" hukimbilia hapo, na kila kitu kinakuwa cha ghafla. Mara moja kwa ukurasa yatosha. Vilevile "at last" ni hatimaye, baada ya kungoja au kuhangaika. "Lastly" ni ya kufunga orodha ya hoja, haina kazi kwenye hadithi.

Nasoma hadithi fupi na nakutana na "Every evening she would sit by the door." Kamusi inaniambia would ni -nge-. Angekaa mlangoni kama nini kingetokea?
*Msomaji, Mombasa*

Hakuna sharti hapo. Hiyo ni desturi ya zamani: kila jioni alikuwa akikaa mlangoni. Would ya masharti huandamana na if, iwe imeandikwa au inaeleweka. Would ya desturi huandamana na every evening, on Fridays, in those days, whenever. Tafuta neno la namna hiyo kwanza. Tofauti yake na used to ni ndogo lakini inakamata wengi: used to inakubali hali na matendo ("She used to be rich"), ilhali would ya desturi inataka tendo linalojirudia. Kisha angalia aya inapobadilika na kuwa "One evening". Kuanzia hapo would zitatoweka na vitenzi vya kawaida vya wakati uliopita vitachukua nafasi. Pale ndipo kisa chenyewe kinapoanza, na maswali mengi ya ufahamu yanatoka upande ule.

Jambo. Mimi nimesoma kwa Kifaransa, sasa najifunza Kiingereza. Hadithi zangu zinarudi na alama nyekundu kila penye "have": I have gone, I have seen.
*Lubumbashi*

Jambo sana. Kosa linatoka kwenye "je suis allé" na "j'ai vu". Kifaransa cha mazungumzo kinasimulia kwa umbo hilo lenye kitenzi kisaidizi, na ukilihamishia Kiingereza lilivyo linakuwa "have". Kiingereza hakisimulii tukio lililokwisha kwa have hata kidogo. Kinasema I went, I saw. Have itumie ndani ya maneno ya wahusika tu, pale jambo linapogusa sasa.

Upande mwingine Kifaransa kinakufaa kuliko unavyodhani. Tofauti ya "elle lava" na "elle lavait" tayari unaijua, na ndiyo tofauti ya kusogeza kisa na kuchora mandhari tuliyoieleza hapo juu. Ila imparfait (umbo la "lavait") moja inagawanyika Kiingereza: "elle lavait" inaweza kuwa she was washing, she used to wash au she would wash. Jiulize: alikuwa katikati ya tendo siku ile, au ilikuwa desturi yake? Ukijibu hilo, umbo linajichagua.

Vitenzi visivyofuata kanuni ni vingi mno. Nianze na vipi?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Tabora*

Usianze na orodha ya mwisho wa kitabu iliyopangwa kwa alfabeti. Anza na vile ambavyo hadithi haiendi bila hivyo: said, went, came, saw, took, got, made, knew, thought, found, told, gave, left, felt, kept, heard, stood, sat, ran, began. Hivi ishirini vinajirudia katika karibu kila hadithi ya darasani. Vifuatie kwa makundi ya sauti, maana sikio hushika haraka kuliko jicho: kept, slept, wept, crept, kisha thought, brought, bought, caught, taught.

Kuna vinavyoleta balaa kwenye ufahamu kwa sababu vinafanana na neno jingine. "Left" mtoto anaijua kama kushoto. "Saw" kamusi inampa msumeno. "Fell" na "felt" zinatofautiana kwa herufi moja, na hapo ndipo "she felt cold" inapogeuka kuwa alianguka. Vingine havibadiliki kabisa: put, cut, hit, let, set, shut. Katika "She put down her basket" mtoto atajuaje kwamba ni wakati uliopita? Kwa kukosekana kwa s. Ingekuwa wakati uliopo ingekuwa "She puts". Hii ni dalili ndogo na haionekani mpaka ionyeshwe kwa kidole.

Kuhusu vile vya kawaida, tatizo kubwa liko mdomoni. Silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo konsonanti mbili mwishoni humezwa, na mtoto asiyeisikia -ed hataiandika. Mfundishe kwamba "walked" huishia kwa sauti ya t, "opened" kwa d, na ni baada ya t au d tu, kama "wanted" na "needed", ndipo silabi nzima inapoongezeka. Usimruhusu atamke "wok-edi". Akizoea hivyo ataongeza silabi kila mahali, na akisikia Kiingereza cha kweli hataitambua.

Ngano za wanyama zinatuchanganya: mara he, mara she, mara it. Tutajuaje nani anafanya nini?
*Kikundi cha wanafunzi, Iringa*

Kiambishi a- hakisemi kama mtendaji ni wa kike au wa kiume, kwa hiyo hamjazoea kufuatilia jambo hilo, na hapo mnapoteza msaada mkubwa. Hadithi ikimwita fisi he na sungura she, basi kila he ni fisi na kila she ni sungura, hata jina lisipotajwa kwa aya nzima. Mnyama anayesema na kufikiri mara nyingi hupewa he au she; aliyepita tu njiani huitwa it. Chukueni kalamu za rangi mbili, kila mhusika rangi yake, mchore mstari kutoka kila kiwakilishi hadi jina lake. Mkikwama kwa they, rudini nyuma mkahesabu nani wako pamoja wakati huo.

Vilevile zingatieni a na the. "Kulikuwa na sungura mmoja" ni a hare. Akirudi tena, "sungura yule" ni the hare. Hadithi za kisasa hupenda kuanza ghafla na "The man closed the door" bila kumtambulisha mtu wala mlango. Msirudi nyuma kumtafuta, hayupo. Mwandishi amewaingiza katikati ya jambo kwa makusudi, na atamweleza mbele.

Jambo la mwisho ni mpangilio wa "said the hyena". Fisi ndiye aliyesema. Aliyeambiwa lazima awe na to: "said to the hyena". Na mkikuta "snapped the hyena" msikimbilie kamusi mkapata kuvunjika. Neno lolote linalokaa hapo baada ya nukuu ni namna ya kusema, na hili ni kujibu kwa ukali.

Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya themanini, kipindi ni dakika 40, na kitabu ni kimoja kwa wanafunzi wanne. Haya yote yanafanyikaje?
*Mwalimu, Mwanza*

Punguza maandishi, usipunguze kazi. Kifungu cha maneno 100 hadi 120 kwenye karatasi ya manila kinatosha, kiandikwe kwa herufi zinazosomeka kutoka dawati la nyuma, nawe utakitumia mikondo yote. Dakika tano wasome kimya na kujibu maswali mawili tu: nani, na jambo gani limeharibika. Usiguse sarufi hapo, maana asiyejua kisa hawezi kuona lugha inafanya nini.

Dakika kumi zinazofuata, wakiwa wanne wanne, wachore mstari wa wakati. Vitenzi vya uti wa mgongo wavipange juu ya mstari kushoto kwenda kulia, vya had wavirudishe kushoto kabisa, vya was na were -ing viwe mstari mrefu chini yake. Wakikosea, kosa litaonekana kwa macho: mashua itakuwa upande wa kulia wa Neema. Zunguka ukiangalia mstari peke yake, usisome madaftari.

Kisha dakika kumi za kuharibu. Badilisha umbo moja kwenye manila, waseme kwa Kiswahili kama wanataka nini kimebadilika kwenye kisa. Hapa lugha ya nyumbani ni chombo cha kazi, na ukiizuia utapata kimya. Dakika kumi na mbili zinazofuata kila mmoja aandike sentensi sita za kwake: moja ya had, moja ya was -ing, tatu za mfululizo na moja ya mazungumzo. Sahihisha madaftari ishirini kwa kipindi, ukiangalia jambo moja ulilolitangaza mapema. Ukisahihisha kila kosa kwa wanafunzi themanini, utarudisha daftari baada ya wiki mbili na watakuwa wamekwisha sahau walichotaka kusema.

Mwanafunzi wangu ameandika "I woke up at twelve in the morning and went to school." Ni kosa la lugha?
*Mwalimu, Tanga*

Sarufi yake haina kasoro. Saa ndiyo imekosea. Alikusudia saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kwa Kiingereza ni six. Kosa hilihili hutokea akisoma: "They met at two in the afternoon" anaelewa saa mbili, kumbe ni saa nane. Kila hadithi inapotaja saa, aandike pembeni saa ya Kiswahili kwa kuongeza au kupunguza sita, kabla hajajibu swali lolote linalohusu mfuatano wa matukio.